Mwili Unapolifundisha Sikio: Mdundo Katika Muziki na Katika Mwendo wa Kila Siku

Kiswahili kina neno moja, ngoma, ambalo hutaja ala iliyowambwa ngozi, hutaja mchezo unaochezwa kwa kuifuata ala hiyo, na hutaja vilevile mkusanyiko mzima wa watu waliokuja kupiga, kuimba, kucheza na kutazama. Anayesema kwamba leo usiku kuna ngoma hahitaji kufafanua anakusudia ipi kati ya maana hizo, kwa kuwa katika fikra za wasemaji wa lugha hii mlio wa ala, hatua ya mguu na kuwapo kwa watu pamoja ni jambo lisilogawanyika. Muungano huo wa maana unabeba ukweli kuhusu mdundo ambao watafiti wa mwili na ubongo wameufikia baadaye kwa majaribio mengi, nao ni kwamba mdundo hauingii kwa njia ya sikio peke yake. Mdundo huanza katika viungo vinavyotembea, vinavyotwanga, vinavyovuta na vinavyobembeleza, na sikio hujifunza kuutambua kwa kufuata yale ambayo mwili umekwisha kuyazoea.

Ili kuelewa jambo hili, ni lazima kwanza kutenganisha mambo manne ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. La kwanza ni pigo, yaani alama ya wakati inayorudi kwa vipindi vinavyolingana, kama mguu unavyokanyaga ardhi mara baada ya mara katika safari ndefu. La pili ni mwendo, yaani kasi ambayo mapigo hufuatana nayo, na ambayo huhesabiwa kwa idadi ya mapigo katika dakika moja. Hesabu hii ilienea baada ya Johann Maelzel kupata hataza ya metronomu mwaka 1815, chombo ambacho mkono wake hubembea na kugonga kwa kasi inayochaguliwa. La tatu ni mkazo, yaani uzito unaopewa baadhi ya mapigo kuliko mengine, na ambao huyafanya mapigo yajipange katika makundi ya mawili, matatu au manne. La nne ndilo mdundo wenyewe, ambao ni mpangilio wa milio mirefu na mifupi, yenye mkazo na isiyo na mkazo, pamoja na vimya vilivyoachwa kati ya milio hiyo, juu ya msingi wa pigo. Vimya hivyo vina uzito sawa na milio, kwa sababu mpigaji anapoacha nafasi tupu, msikilizaji huendelea kulihesabu pigo kimoyomoyo, na ule mlio unaofuata hupata nguvu yake kutokana na kusubiriwa.

Msomaji wa mashairi ya Kiswahili anayafahamu mambo haya hata kama hajawahi kushika ala yoyote. Neno mizani, linalotumika kwa hesabu ya silabi katika mshororo, ndilo linalotaja pia chombo cha kupimia uzito sokoni, na lina asili moja ya Kiarabu na neno wizani, ambalo wahakiki hulitumia kwa urari wa mapigo katika ubeti. Katika utungo wa tarbia uliozoeleka, mshororo huwa na mizani 16, nane katika kipande cha kwanza na nane katika kipande cha pili, ilhali mshororo wa utenzi kwa kawaida huwa na mizani nane tu. Zaidi ya hesabu hiyo kuna mkazo wa lugha yenyewe, ambao katika maneno karibu yote ya Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kiasi kwamba neno linaporefushwa mkazo nao husogea: katika "piga" uko kwenye "pi", katika "pigana" umehamia kwenye "ga", na katika "piganisha" umefika kwenye "ni". Msemaji huuhamisha uzito huo bila kufikiri, kama anavyouhamisha uzito wa mwili wake kutoka mguu mmoja kwenda mwingine anapotembea.

Pembea iliyo ndani ya miguu

Mwili wa binadamu umejaa mizunguko inayojirudia. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, pumzi zake huingia na kutoka kati ya mara 12 na 20, na anapotembea kwa mwendo wake wa kawaida hupiga takriban hatua 100 hadi 120 katika muda huohuo. Kasi ya hatua hizo haichaguliwi ovyo. Mguu ulioinuliwa hubembea kutoka nyongani kama pembea ya watoto, na pembea ina muda wake wa kwenda na kurudi, unaotegemea urefu wa kamba zake. Anayeisukuma kabla ya wakati huo au baada yake hupoteza nguvu, na anayeisukuma kwa wakati wake hutumia nguvu kidogo sana. Ndiyo sababu mtoto anayemfuata baba yake njiani hupiga hatua nyingi zaidi, na ndiyo sababu mtu anayelazimika kutembea polepole sana nyuma ya msafara huchoka kuliko alivyotarajia.

Ushahidi wa kuvutia kuhusu jambo hili umetoka Kenya. Mwaka 1986, mwanasayansi wa Kenya Geoffrey Maloiy na wenzake walichapisha matokeo ya vipimo walivyowafanyia wanawake wa Kiluo, waliozoea kubeba mizigo kichwani, na wanawake wa Kikuyu, waliozoea kubeba mizigo mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Wanawake hao waliweza kubeba mzigo wenye uzito wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kuongeza nishati waliyoitumia kutembea. Mwaka 1995 maelezo yalitolewa: katika kila hatua, mwili wa anayetembea hupanda kidogo na kushuka, hivyo nguvu ya kupanda hugeuzwa kuwa nguvu ya kusonga mbele, nayo ya kusonga mbele hugeuzwa tena kuwa ya kupanda, na wabebaji hawa wanapokuwa na mzigo hufanya mageuzi hayo kwa upotevu mdogo zaidi kuliko watu wengine. Tafiti zilizofuata katika sehemu nyingine za Afrika zimeonyesha kwamba si kila mbebaji mzoefu ana uwezo huo, lakini funzo la msingi limebaki, kwamba mwendo unaopendeza macho wa mama aliyebeba ndoo ya maji bila kumwaga tone unatokana na mdundo wa hatua uliolainishwa kwa miaka mingi.

Mdundo wa kutembea hauhitaji kuamriwa na akili kila mara. Mwaka 1911 mwanafiziolojia wa Uingereza, Thomas Graham Brown, alionyesha kwa majaribio yaliyofanywa kwa paka kwamba uti wa mgongo uliotengwa na ubongo unaweza wenyewe kutoa amri za kupokezana, mguu mmoja baada ya mwingine, zinazofanana na za kutembea. Ubongo, kwa upande wake, una kazi ya juu zaidi, ambayo ni kutabiri. Vifaa vya kupigia picha za ubongo vimeonyesha kwamba mtu anaposikiliza mdundo akiwa amelala kimya bila kutikisa hata kidole, sehemu za ubongo zinazopanga mijongeo huamka na kufanya kazi, kana kwamba mwili unajiandaa kucheza.

Utabiri huo unaweza kupimwa kwa jaribio jepesi. Mtu anapoombwa kugonga meza pamoja na mlio unaorudi kwa vipindi sawa, mara nyingi kidole chake hutangulia mlio kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kama angengoja ausikie ndipo agonge, angechelewa kila mara, kwa kuwa kuitikia sauti ambayo imekwisha kusikika huchukua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwenda pamoja na mdundo, kwa hiyo, ni kujua mlio utakuja lini na kukutana nao njiani. Uwezo huu una mipaka yake: milio inayotenganishwa na muda unaokaribia sekunde 2 au zaidi huanza kusikika kama matukio mbalimbali yasiyohusiana, na milio iliyosongana sana humshinda hata mpigaji hodari kuifuata kwa kidole. Kati ya mipaka hiyo miwili ndimo karibu muziki wote wa dunia wenye pigo unamokaa, na kasi inayopendwa zaidi na mwili, inayokaribia mapigo mawili kwa sekunde, inalingana na kasi ya kutembea.

Mchi, jembe na kamba

Shule ya kwanza ya utabiri huo katika jamii nyingi za Afrika imekuwa kazi. Wanawake wawili wanapotwanga katika kinu kimoja, mchi wa mmoja hushuka wakati wa mwenziwe unapopanda, na wanapokuwa watatu kila mmoja hupewa theluthi moja ya mzunguko, hivyo kila mtwangaji hufanya kazi kwa mwendo wake wa kawaida ilhali kinu hulia kwa kasi mara tatu ya mwendo huo. Anayesikiliza kwa mbali husikia mdundo mmoja wa haraka, lakini hakuna hata mmoja kati ya watwangaji anayeutwanga mdundo huo. Umetokana na mapengo ambayo kila mmoja amewaachia wenzake. Kosa dogo lingeigonganisha michi, na kwa hiyo kila mmoja hulazimika kuusikiliza wakati wa mwenziwe kwa makini kama anavyousikiliza wa kwake. Hapa tayari kuna kanuni kuu ya upigaji wa ngoma katika Afrika, ambayo ni kwamba sehemu ya mpigaji mmoja hupata maana ndani ya nafasi zilizoachwa na wengine.

Mhunzi naye hufanya kazi katikati ya midundo miwili, mmoja wa nyundo yake na mwingine wa anayevukuta, ambaye hupokezana mikono ili mfuko mmoja utoe hewa wakati mwingine unapojaa, kusudi moto usipate nafasi ya kufifia. Mkulima hali kadhalika. Katika Usukuma, kusini mwa Ziwa Victoria, ngoma ya bugobogobo imetokana na vikundi vya kulima kwa ushirika, na wachezaji wake hushika majembe, huyainua na kuyashusha pamoja, na kuyarusha na kuyadaka kwa kufuata ngoma kubwa. Mchezo huo umehifadhi umbo la kazi yenyewe, kwa kuwa jembe lina uzito unaodai wakati wake wa kupanda na wakati wake wa kushuka, na mlimaji anayelinyanyua kabla halijamaliza kushuka hujichosha bure. Baada ya mavuno, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana mbele ya watu huko Bujora, karibu na Mwanza, na ushindi huenda kwa kundi linalowavuta watazamaji wengi upande wake.

Mwaka 1896 mwanauchumi wa Ujerumani, Karl Bücher, alichapisha kitabu kilichokusanya nyimbo za kazi kutoka sehemu mbalimbali za dunia, akadai kwamba chimbuko la muziki ni mdundo wa kazi. Leo dai hilo halikubaliwi lilivyo, kwa sababu kuna muziki mwingi uliozaliwa katika ibada, katika malezi na katika mchezo, lakini aliona sawasawa kwamba mdundo hupunguza uchovu, huiondolea akili mzigo wa kuamua kila tendo upya, na huwaunganisha watu wengi kuwa nguvu moja. Mabaharia wa jahazi wanaotweka tanga hawawezi kuinua foromali kwa kuvuta kila mtu kwa wakati wake, hata wangekuwa wengi kiasi gani. Hufaulu pale mwimbishaji anapotoa sauti, wengine wakaitikia, na nguvu za wote zikashuka kwenye silabi moja. Neno harambee lilikuwa mwito wa namna hiyo, wa watu wanaovuta au kuinua kitu kizito kwa pamoja, kabla ya Jomo Kenyatta kulifanya wito wa ujenzi wa taifa la Kenya lililopata uhuru mwaka 1963. Neno ambalo leo liko kwenye nembo ya taifa lilikuwa kwanza alama ya wakati, iliyowaambia wavutaji ni lini hasa wavute.

Hata mwendo uliokuja na majeshi ya wageni ulimezwa na kugeuzwa kwa njia hiyohiyo. Ngoma ya beni, iliyozaliwa katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 na kusambaa hadi bara hasa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ilichukua gwaride, sare, vyeo na ala za bendi za kijeshi ikavifanya mali ya vyama vya mashindano kama Marini na Arinoti. Mguu uliokusudiwa kutii amri ulipata nafasi ya kujionyesha, na hatua ya askari ikawa hatua ya mchezaji.

Sita iliyo mbili na iliyo tatu

Siri ya midundo mingi ya Afrika Mashariki inaweza kuelezwa kwa namba sita. Mapigo sita mepesi yanayolingana yanaweza kugawanywa katika makundi mawili ya matatu, na vilevile katika makundi matatu ya mawili, na hakuna mgawanyo ulio sahihi kuliko mwenzake. Msomaji anaweza kulithibitisha hili mezani kwa kuhesabu moja hadi sita polepole na kurudia bila kukatiza, huku mkono wa kulia ukigonga kwenye moja, tatu na tano, na mkono wa kushoto ukigonga kwenye moja na nne. Mikono hukutana kwenye moja, kisha hupishana, kulia, kushoto, kulia, na hukutana tena mwanzoni. Mwanzoni kila mkono huvutwa na mwenziwe, lakini baada ya muda hesabu huwa haihitajiki tena, na jambo la kushangaza hutokea: mtu anaweza kuamua kuutikisa mguu pamoja na mkono wa kushoto akasikia mwendo wa mawili uliopambwa, au kuutikisa pamoja na mkono wa kulia akasikia mwendo wa matatu, ilhali milio inayotoka mezani haijabadilika hata kidogo.

Hali hii ya midundo miwili kukaa ndani ya muda mmoja, ambayo inaweza kuitwa midundo sambamba, ndiyo huipa chakacha ya harusi za Mombasa na Lamu mvuto wake. Ngoma moja hushikilia makundi ya matatu, nyingine hukatiza kwa makundi ya mawili, makofi ya wanawake hushika nafasi zilizobaki, na kiuno cha mchezaji huamua kufuata upande mmoja huku miguu ikifuata mwingine. Katika ngoma ya vugo, wanawake hugonga pembe za nyati kwa vijiti na kupokezana kwa namna inayokumbusha kinu. Katika msewe wa Pemba, uliopewa jina la njuga zinazofungwa miguuni, mchezaji huwa mpigaji pia, kwa kuwa kila anapokanyaga hutoa mlio unaoingia katika mdundo, na haiwezekani tena kusema muziki umeishia wapi na mchezo umeanzia wapi. Kidumbak ya Unguja huichukua fidla na nyimbo zinazokaribiana na za taarab, lakini huongeza kasi na kuweka chini yake vingoma viwili vidogo, sanduku lenye uzi linalotoa sauti nzito, cherewa za kutikiswa na mkwasa wa vijiti, ili waliokuja kusikiliza wasiweze kuketi. Hata katika taarab rasmi, ambapo wasikilizaji huketi kwa adabu, anayekwenda kutuza hupiga hatua ndogondogo zinazofuata ngoma ya dumbaki na tari la rika hadi kwa mwimbaji.

Afrika Magharibi imeipa elimu ya muziki mfano mwingine unaofaa kufahamika. Katika mzunguko wa mapigo 12, kengele ya chuma hupigwa mara saba tu, kwenye pigo la 1, la 3, la 5, la 6, la 8, la 10 na la 12, na nafasi kati ya milio huwa mbili, mbili, moja, mbili, mbili, mbili, moja. Mtaalamu wa Ghana, J. H. Kwabena Nketia, aliuita mpangilio wa aina hii mstari wa wakati, kwa kuwa wapigaji wote wengine hujipima kwa mstari huo. Kwa sababu nafasi zake hazilingani, kila sehemu ya mzunguko ina sura yake, na mpigaji aliyepotea anaweza kujua yuko wapi kwa kusikiliza milio michache tu, kama msafiri anavyoitambua njia kwa umbo la vilima badala ya kuhesabu hatua.

Watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Magharibi na Kongo walivuka bahari pamoja na mipangilio ya namna hiyo, na huko Kuba ukastawi mmoja wa mapigo 16, unaogongwa kwa vijiti viwili kwenye pigo la 1, la 4, la 7, la 11 na la 13. Kuanzia miaka ya 1930 sahani za santuri za muziki wa Kuba zilifika Kongo, na wasikilizaji wa Leopoldville na Brazzaville wakausikia mdundo ambao miili yao haikuuona mgeni. Kutokana na hapo ikakua rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwezi Desemba mwaka 2021, na ambayo wanamuziki waliohamia Nairobi na Dar es Salaam waliikutanisha na ngoma za huku. Bendi za dansi za Tanzania zilichukua hata majina ya ngoma hizo, kama inavyoonekana katika Msondo na Sikinde, na zikafanya wimbo kuwa na sehemu mbili, ya kwanza ya kusikiliza maneno kwa utulivu, na ya pili, iitwayo chemko, ambamo magitaa hurudia mzunguko mfupi kwa kasi hadi ukumbi mzima unasimama. Singeli ya vijana wa Dar es Salaam imeisukuma kasi hiyo kupita mapigo 200 kwa dakika, karibu na mpaka wa uwezo wa mguu, na wachezaji wengi huitatua kwa hekima ya mwili, kwa kukanyaga mara moja kila mapigo mawili.

Mtoto aliye mgongoni

Swali linalobaki ni jinsi sikio linavyojua kuchagua kati ya makundi ya mawili na makundi ya matatu wakati milio ni ileile. Jibu lilitolewa mwaka 2005 na watafiti wawili wa Kanada, Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor, waliofanya jaribio kwa watoto wa miezi saba. Watoto hao walisikilizishwa mdundo wa mapigo sita usiokuwa na mkazo wowote, huku wakirushwarushwa mikononi, baadhi yao kila baada ya mapigo mawili na baadhi kila baada ya mapigo matatu. Baadaye walipochezewa mdundo huohuo ukiwa umewekewa mkazo, watoto waliorushwa kwa mawili walipendelea kuusikiliza wenye mkazo wa mawili, na waliorushwa kwa matatu wakapendelea wenye mkazo wa matatu. Waliofunikwa macho walipata matokeo yaleyale, lakini waliomtazama tu mtu mwingine akirukaruka hawakuyapata. Mwili ulikuwa umelifundisha sikio kile cha kusikia.

Katika mwanga wa matokeo hayo, picha ya mtoto aliyefungwa kwa kanga mgongoni mwa mama yake inapata maana mpya. Mtoto huyo hupelekwa kisimani na kurudi, hutwangiwa, hulimiwa, hubembelezwa kwa wimbo wa taratibu, na jioni huchezewa ngoma, naye muda wote huo huupokea mdundo kwa kifua, tumbo na miguu, siku nyingi kabla hajaweza kusimama. Anapofika umri wa kuingia uwanjani na kucheza bila kufundishwa, watu husema amezaliwa na kipaji, ilhali ukweli ni kwamba alianza masomo mapema na alikuwa na mwalimu mwenye subira kubwa. Dhana kwamba mdundo uko katika damu ya watu fulani haina msingi, na huwanyima akina mama hao sifa ya kazi waliyoifanya.

Mazoea ya mwanzo yana nguvu kubwa. Utafiti mwingine wa mwaka 2005, wa Erin Hannon na Sandra Trehub, ulionyesha kwamba watoto wa miezi sita wa Amerika Kaskazini waliweza kutambua makosa katika midundo ya eneo la Balkani yenye makundi yasiyolingana, wakati watu wazima wa jamii hiyohiyo walishindwa, na kwamba watoto walipokaribia mwaka mmoja walikuwa tayari wameanza kuupoteza uwezo huo. Mtoto huzaliwa na sikio pana, kisha mazingira hulifinyanga lifae midundo anayoishi nayo, kama yanavyoufinyanga ulimi wake ufae lugha ya nyumbani.

Uhusiano wa sikio na mguu umekuwa pia chombo cha tiba. Ugonjwa wa Parkinson huharibu sehemu za ubongo zinazosaidia kupima wakati na kuanzisha mjongeo, hivyo hatua za mgonjwa hufupika, husuasua na wakati mwingine hukwama kabisa. Kuanzia miaka ya 1990, Michael Thaut na wenzake wameonyesha kwamba wagonjwa wengi wanaposikilizishwa pigo thabiti hurefusha hatua zao na kutembea kwa uhakika zaidi, kwa sababu sauti ya nje huchukua nafasi ya mpimaji wa ndani aliyedhoofika. Huduma ya kwanza nayo inategemea mdundo: anayembana kifua mtu ambaye moyo wake umesimama hufundishwa kubana mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa vipindi vinavyolingana, na mwili wake tayari unaijua kasi hiyo kwa kuwa ndiyo ya kutembea kwake.

Mwishoni mwa karne ya 19, mwalimu wa muziki wa Uswisi, Émile Jaques-Dalcroze, aliona huko Geneva kwamba wanafunzi wake waliweza kusoma noti na kutia vidole mahali panapotakiwa bila kuuhisi mdundo wa walichokipiga. Akawaondoa kwenye viti, akawaamuru watembee, wasimame, wapige makofi na kubadili hatua kila muziki ulipobadilika, na njia yake ikaenea katika nchi nyingi. Aliyepitia unyago au jando, au aliyekulia karibu na uwanja wa ngoma, hahitaji kushawishiwa juu ya njia hiyo, kwa kuwa ndiyo pekee iliyotumika kumfundisha.

Hata hivyo, elimu hii ya mwili iko hatarini leo. Mashine ya kusaga imechukua nafasi ya kinu, nayo imewapunguzia wanawake kazi ngumu ambayo hakuna mwenye huruma anayetamani irudi. Mtoto wa mjini hukaa kitini kutwa, na muziki humfikia kupitia vipaza sauti vidogo vya masikioni, akiwa peke yake, bila mtu wa kupokezana naye. Anasikia midundo mingi kuliko babu zake, lakini ni michache anayoitenda, na sikio lisilofundishwa na mwili hubaki likisikia nusu tu. Marekebisho yake hayahitaji fedha nyingi. Mwalimu wa darasa la kwanza anaweza kuwagawa watoto makundi mawili, moja likanyage kwa mawili na jingine lipige makofi kwa matatu, hadi makundi yote mawili yakutane kwenye moja bila kuhesabiwa. Shule inaweza kulipa somo la ngoma saa yake badala ya kulisubiri lije na wageni wa sherehe. Na mzazi aliyebeba mtoto anaweza kuendelea kuimba na kutembea, akijua kwamba kila hatua yake inaandikwa katika mwili wa anayemsikiliza kwa mgongo.